Picha ambayo Gunnvor hakuiweka mtandaoni

Ni saa tatu na nusu asubuhi, na jua halitachomoza leo. Huku kaskazini ya mbali halitachomoza kesho wala wiki ijayo. Juu ya mlima Skardfjell kuna mwanga wa buluu tu, unaotosha kuona vijiti vya alama pembeni mwa barabara na si zaidi.

Gunnvor Eliassen anasimamisha lori lake la kusukuma theluji kwenye kituo cha kupishana, anavuta breki ya mkono na kuvua glavu moja kwa meno. Anatoa simu kwenye mfuko wa kifuani. Anapiga picha sita kupitia kioo cha mbele, upesi upesi, kabla wipa hazijaganda.

Kisha inaanza kazi anayosema inamchosha kuliko theluji yenyewe. Inambidi achague.

"Hii hapana. Hii kidole changu kimeingia. Hii nzuri, lakini tazama kule nyuma, namba za gari la Magnhild zinaonekana. Nani kakwambia Magnhild anataka watu wajue leo yuko mlimani?" Anaifuta. "Kazini kwake kasema anaumwa," anaongeza, na anacheka mpaka miwani inaingia ukungu.

Jina la mwenye gari tumelibadilisha, kwa amri ya Gunnvor.

Katika picha sita inabaki moja, nayo si ya anga. Inaonyesha ukuta wa theluji wenye kimo cha watu wawili, na ndani yake mlango mwembamba ambao lori lake limetoka kuufungua. Hiyo ataiweka mtandaoni akimaliza zamu, na watu zaidi ya laki moja wataiona.

Gunnvor ana miaka hamsini na miwili. Huu ni msimu wake wa kumi na tano wa baridi kwenye barabara hii ya kilomita thelathini na moja, inayokiunganisha kijiji cha Innvåg na mji wa Langsund. Kijijini wanaishi watu mia moja na arobaini. Daktari, duka la dawa na shule ya sekondari viko upande wa pili wa mlima.

Kabla ya hapo alikuwa mkata minofu katika kiwanda cha samaki cha kijijini kwa miaka kumi na mmoja. Kiwanda kilipofungwa, wenzake wengi walihama. Yeye alikwenda kuomba kazi ya udereva katika halmashauri.

"Waliniuliza, 'Umewahi kuendesha lori?' Nikasema bado. 'Umewahi kuogopa?' Nikasema kila siku. Yule aliyenihoji akasema basi utafaa, wasioogopa wanatuharibia malori."

Picha ya kwanza aliipiga msimu wake wa pili, siku jua liliporudi baada ya miezi miwili. Alimtumia dada yake anayeishi kusini. Dada akamwambia asiwe mchoyo, afungue ukurasa. Akafungua, na kwa miaka mingi akaweka humo uzuri mtupu: anga la waridi, mianga ya kijani ikicheza juu ya vilele, kulungu wakivuka barabara. Wafuasi walifika elfu tisa.

"Nilijiambia watu wana shida zao za kutosha. Mtu yuko ndani ya basi huko Oslo, bosi wake ana kisirani. Mimi nimpe anga zuri dakika moja, hata kama sijalala, hata kama nimetoka kufukua gari la mtu kwa koleo."

Picha nyingine, zile za magari yaliyozama, za barabara isiyoonekana, za mikono yake iliyochubuka, alizitia kwenye jalada moja ndani ya simu. Jalada hilo alilipa jina: Takataka.

Mambo yalibadilika Oktoba mwaka jana. Halmashauri iliita mkutano katika ukumbi wa kijiji. Mkurugenzi, Bente Falch, alikuja na pendekezo: barabara ya Skardfjell ifungwe kila mwaka kuanzia Desemba hadi Aprili. Kungekuwa na boti mara tatu kwa wiki, na halmashauri ingeokoa kroni milioni mbili na laki nne kila mwaka.

Watu themanini waliketi na vikombe vyao vya kahawa. Kila mmoja alijua kwamba boti ile, upepo ukizidi kidogo tu, haitoki bandarini.

Mkurugenzi aliwasha picha ukutani. Ya tatu ilionyesha barabara nyeusi, kavu, ikipinda taratibu chini ya anga la waridi.

"Kama mnavyoona," alisema, "baridi ya siku hizi si ile ya zamani."

Chini ya picha kulikuwa na maandishi madogo: Picha na Gunnvor Eliassen, mfanyakazi wetu.

Vichwa vyote viligeuka. Bibi mmoja aliyeketi nyuma yake alisema kwa sauti ya kusikika hadi jukwaani, "Kumbe ndiyo kazi unayolipwa, Gunnvor? Kupiga picha lami kavu?" Watu wakacheka.

"Masikio yaliniwaka moto," anakumbuka. "Na kilichonikata maini ni kwamba Bente hakusema uongo. Picha ile ni ya kweli. Niliipiga mimi, Aprili tarehe ishirini na tisa. Wiki mbili kabla yake, mahali palepale, nilikuwa nimefukua magari mawili yenye watu ndani. Lakini hayo nilikuwa nimeyaficha mwenyewe. Nilimpa ushahidi mkononi, tena nimeupamba."

Kesho yake alikwenda gereji ya halmashauri na kumwonyesha fundi Roald Myhre jalada la Takataka. Roald ana miaka sitini na mitatu, ndiye aliyemfundisha kufunga minyororo ya magurudumu, na ni mtu ambaye salamu yake ni matusi madogo madogo.

"Picha elfu nne na mia tatu?" alisema. "Wewe mwanamke, ulikuwa unaendesha saa ngapi?"

Waliketi kwenye benchi la kazi kwa siku tatu mfululizo baada ya zamu ya mchana, wakichagua za kuweka mtandaoni, na mkate wenye jibini ya kahawia, na kahawa kwenye chupa ya chai. Roald alisema ndiyo au hapana kwa kugonga spana. Picha za mlima hazikuwasumbua. Za magari walizichuja kwa kutazama namba. Zilizobaki ni za watu, na hapo kila picha ilizua ubishi.

Ndipo wakafika kwenye picha ya Februari.

Siku hiyo, saa saba mchana, Gunnvor alikuwa akilitangulia gari la wagonjwa kwenye dhoruba. Kileleni hakuona hata pua ya lori lake, wakasimama. Utaratibu unamtaka apige picha ya barabara nyuma yake kila anaposimama, kwa ajili ya ripoti. Alishuka akarudi hadi ubavuni mwa gari la wagonjwa, na alipobonyeza, mlango wake wa pembeni ulikuwa umefunguliwa na upepo. Ndani, juu ya machela, alionekana Oddny Bræk, mwalimu mstaafu wa Innvåg, aliyekuwa amepatwa na kiharusi asubuhi ile. Mdomo wake ulikuwa umelegea upande mmoja. Mumewe Hjalmar alikuwa amepiga magoti kando yake, bila kofia, ameshika kiatu kimoja cha mkewe.

Roald hakugonga spana. Aliiweka chini.

"Hiyo hapo," alisema. "Weka hiyo peke yake, wala usiandike neno. Keshokutwa Bente anakuja hapa na keki kuomba radhi."

"Hiyo si yangu."

"Simu ya nani?"

"Simu yangu. Uso wa Oddny."

"Gunnvor, barabara inafungwa! Unataka kuwa mtu mwema au unataka barabara?"

"Nataka nikamuulize Hjalmar."

Jumamosi, saa sita mchana, alivua viatu mlangoni kwa Hjalmar Bræk. Mzee huyo wa miaka sabini na minane alikuwa jikoni akikaanga kababu za samaki. Mkewe alinusurika, lakini hakupata tena maneno. Sasa anaishi katika nyumba ya uuguzi Langsund, na Hjalmar huvuka mlima mara nne kwa wiki kwenda kuketi naye.

"Umekuja kusukuma theluji ya humu jikoni?" alimuuliza.

"Nimekuja kukuonyesha kitu. Vaa miwani, na uketi."

Alitazama picha kwa muda mrefu sana. Kikaango kilianza kutoa moshi, Gunnvor akainuka kuzima jiko.

"Kiatu," Hjalmar alisema mwishowe. "Sikumbuki kabisa kama nilishika kiatu."

"Naomba niiweke mtandaoni. Inaweza kuokoa barabara. Ukisema hapana, ni hapana, na sitarudi kukuuliza."

"Oddny alikuwa haendi hata kutupa taka bila kupaka rangi ya mdomo. Unajua hilo."

"Najua."

"Basi jibu unalo."

"Ninalo."

"Umekasirika?"

"Kidogo. Nipe kababu, itapita."

Walipomaliza kula, Hjalmar aliomba atumiwe ile picha. Kisha akamtaka Gunnvor aifute kwake, pale pale mezani, yeye akiangalia. Gunnvor akafuta.

"Na kule zinakokaa zilizofutwa," mzee alisema. "Zinabaki humo siku thelathini. Nimesoma."

Akafuta na huko.

Gunnvor hafichi kwamba aliondoka pale amevunjika moyo. "Nilijiita mjinga kwa sauti, peke yangu ndani ya gari. Nilikuwa na silaha moja tu, nimeitupa mwenyewe kwa ajili ya kababu tatu."

Jumapili alirudi kwenye simu yake, safari hii peke yake, kutafuta picha yenye uzito kama ile lakini ambayo yeye mwenyewe ndiye mwenye haki nayo. Aliipata karibu na mwisho wa jalada. Alikuwa akiijua siku zote. Kwa miezi tisa aliipita haraka kila ilipojitokeza.

Ni picha ya uso wake mwenyewe. Kope zimeganda barafu, pua inatoka makamasi, macho yamevimba kwa kulia. Aliipiga Januari tarehe kumi na saba, kwenye kilomita ya kumi na tisa. Upepo ulikuwa umelisukuma lori hadi tairi la nyuma la kulia likabaki hewani, juu ya korongo la mita sitini. Redio ilikuwa imekufa, simu haikuwa na mtandao. Aliketi humo tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, bila kuthubutu kujikuna. Picha aliipiga kwa ajili ya dada yake, ili mambo yakiharibika ikutwe kwenye simu.

Upepo ulipopungua alitoka kwa mlango wa upande wa mlima, akachimba kwa koleo, akafunga minyororo upya, akalirudisha lori barabarani kidogo kidogo. Kisha akamalizia kilomita kumi na mbili zilizobaki. Katika ripoti ya siku hiyo aliandika maneno matatu: Kuchelewa kidogo, upepo.

Jumatatu alimwonyesha Roald.

"Kuchelewa kidogo?" Fundi alisimama. "Kuchelewa kidogo! Mimi ndiye niliyeliosha lori lile! Niliona mkwaruzo chini, nikadhani umegonga jiwe, nikakutukana wiki nzima!"

"Nakumbuka."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, mngenitoa mlimani."

Roald akaitazama tena ile picha, akafuta jicho kwa kitambaa chenye grisi. "Unafanana na chewa aliyetolewa kwenye barafu," alisema.

"Ndiyo maana naiweka."

Alianza na picha za mlima na magari, moja kila siku baada ya zamu, bila lawama, na tarehe na kilomita tu. Siku kumi na moja, picha kumi na moja. Wafuasi walishangaa. Wengine walilalamika kwamba wamezoea anga. Siku ya kumi na mbili ilikuwa zamu ya uso wake.

Aliandika hivi: "Huyu ni mimi, Januari 17, kilomita ya 19. Tairi la nyuma liko hewani. Kwenye ripoti niliandika nimechelewa kidogo. Nisameheni, miaka yote nimekuwa nikiwaonyesha anga tu."

Kidole kilikaa juu ya kioo cha simu kwa dakika ishirini. Kisha akapiga moyo konde, akabonyeza, akaitumbukiza simu ndani ya kopo la mkate na kupanda kuondoa theluji juu ya paa la nyumba.

Aliposhuka, kopo la mkate lilikuwa likinguruma.

Siku mbili baadaye picha ilikuwa imeonwa mara laki sita. Madereva wa barabara nyingine za milimani, wanaume kwa wanawake, walianza kuweka nyuso zao wenyewe, zilizoganda, zilizochoka, kila mmoja na kilomita yake. Mtu mmoja aliandika kwamba huyo mama arudi kukata samaki. Gunnvor alimjibu mwenyewe: "Nilikata samaki miaka kumi na mmoja. Na huko pia nilikuwa hodari."

Mkurugenzi alipiga simu asubuhi ya siku ya tatu. Gunnvor aliipokea gereji, Roald akisikiliza bila aibu.

"Gunnvor, wewe ni mfanyakazi wetu," alisema Bente Falch. "Mambo ya kazini yana utaratibu wake. Unaelewa hili linaweza kukufikisha wapi?"

"Naelewa. Ile ya anga la waridi mliichukua kwangu bila kuniuliza, Bente. Hii nimeiweka kwa simu yangu, na sura ni yangu. Ukitaka kunifukuza, fanya kabla ya Alhamisi. Alhamisi kunatabiriwa upepo, na utahitaji muda kumpata mtu mwingine."

Kisha mkurugenzi akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Ni kweli tairi lilikuwa hewani?"

"Kweli."

Hakufukuzwa.

Madiwani kumi na saba walikutana Langsund mapema Desemba, saa sita mchana, kupiga kura. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye ngazi. Gunnvor alisimama nyuma kabisa na koti lake la kazi la rangi ya chungwa, kwa sababu baada ya mkutano alikuwa na zamu.

Mwananchi yeyote aliruhusiwa kusema kwa dakika tatu. Mtu wa nne kuinuka alikuwa Hjalmar Bræk, ambaye hakuna aliyekumbuka kumsikia akisema mbele ya watu.

"Jina langu ni Hjalmar," alianza, kana kwamba yupo asiyemjua. "Kuna picha ya mke wangu, siku alipougua, pale juu mlimani. Picha hiyo ingewatoa machozi nyote. Hamjaiona, na hamtaiona. Gunnvor alikuwa nayo. Alikuja nyumbani kwangu akaniomba ruhusa. Nikamkatalia, akaifuta mbele yangu, akaenda akaweka sura yake mwenyewe."

Mwenyekiti hakutazama saa.

"Sasa mimi nimekuja kuwaeleza kwa mdomo siku ya ile picha ilikuwaje. Kulikuwa na lori mbele na gari la wagonjwa nyuma. Daktari alisema tungechelewa saa moja zaidi, Oddny angekufa. Hakufa. Mara nne kwa wiki naketi naye, nampaka rangi ya mdomo, ananibana mkono. Hiyo ndiyo barabara mnayotaka kuifunga. Nimemaliza, na dakika zangu zilizobaki mpeni mwingine."

Gunnvor anasema hakusikia waliofuata. Alikuwa anatazama kamba za viatu vyake, kwa sababu kila alipoinua macho aliona mtu analia.

Kura zilihesabiwa kwa kuinua mikono. Watano walitaka barabara ifungwe. Kumi na wawili walikataa. Ukumbi ulilipuka. Watu wa Innvåg, ambao kwa kawaida furaha yao huionyesha kwa kutikisa kichwa, walirukaruka kama watoto. Bibi yule wa lami kavu alimkumbatia Gunnvor mpaka akamgonga miwani. Roald alipiga mluzi kwa vidole viwili, kisha akasema kwa ukali kwamba lori haliwezi kujipeleka lenyewe, mtu aende kazini.

Gunnvor akaenda. Anakumbuka kwamba mlimani siku hiyo magari yote yaliyopishana naye yalipiga honi, na yeye akajibu kila moja.

Madiwani hawakuishia kwenye kura. Januari waliweka mlingoti mpya wa redio kileleni, na mwezi huohuo utaratibu wa ripoti ulibadilishwa: dereva akisema upepo, anaulizwa upepo gani. Bente Falch alifika gereji akiwa na fomu mpya ya halmashauri, ya kuomba ruhusa ya maandishi kabla ya kutumia picha ya mfanyakazi. Gunnvor ndiye aliyekuwa wa kwanza kuisaini.

"Na keki iko wapi?" Roald alimuuliza mkurugenzi. Wiki iliyofuata keki ililetwa.

Bente mwenyewe hakwepi. "Nilitazama picha iliyonipendeza nikadhani nimetazama barabara," aliliambia gazeti hili. "Gunnvor alinisahihisha mbele ya nchi nzima. Nilistahili."

Siku hizi Gunnvor anaombwa ushauri na watu asiowajua: waweke picha ipi, waache ipi. Hana somo refu la kuwapa. "Kama kuna mtu mwingine ndani, muulize. Kama ni wewe peke yako na unaona haya, jiulize ni haya ya nini. Mimi nilikuwa naona haya kwa kuogopa. Kumbe nusu ya nchi inaogopa, inangoja mtu aanze." Anga bado analiweka mara mojamoja. Haoni kosa lolote katika uzuri, anasema, ili mradi usiwe peke yake.

Jambo kubwa kwake ni kwamba tangu Septemba halmashauri imeajiri dereva wa pili, Ingunn Skoglund, aliyekuwa akiendesha malori ya magogo. Kwa mara ya kwanza katika misimu kumi na mitano, Gunnvor amepata likizo ya wiki moja katikati ya baridi. Tayari ameshaipangia.

"Februari nitapanda lori la Ingunn kama abiria, nivuke naye mlima huu," anasema, huku akivaa glavu yake. "Miaka yote hii macho yangu yako mita ishirini mbele. Upande wa kushoto kuna bonde, watu wananiambia ni zuri ajabu, na mimi sijawahi kugeuza shingo. Nitakaa kiti cha pembeni na kahawa yangu, nitazame kushoto mwanzo hadi mwisho."

Ataweka picha ya bonde hilo mtandaoni?

Gunnvor anashusha bamba la chuma, lori linatetemeka, na theluji inaanza kuruka pembeni.

"Hata moja," anasema. "Hilo nitalitazama tu."